Vidole vinawasha na kuvimba baada ya baridi: maswali na majibu

Swali: Binti yangu yuko Leicester, Uingereza, hii ndio winta yake ya kwanza. Amenitumia picha vidole vya miguu vimevimba na vimegeuka zambarau, anasema usiku vinamwasha mpaka halali. Jirani hapa Majengo ananambia amekanyaga kitu. Ni nini hii?

Jibu: Mamangu, hajakanyaga kitu wala hakuna aliyemtupia kitu. Kwa hayo maelezo inafanana sana na chilibleini, madaktari pia huita pernio. Baridi ikipiga vidole, na si lazima iwe baridi ya kuganda barafu, hata ile ya unyevu unyevu tu yatosha, vimishipa vya damu chini ya ngozi vinajibana kuzuia joto la mwili lisipotee. Hapo bado hasikii kitu. Sasa anaingia ndani anavua viatu anaelekeza miguu kwa hita, damu inarudi kwa kishindo na vile vimishipa bado vimejibana, basi inajaa pahali haina njia, maji yanavujia kwenye nyama, ndio panavimba panawasha na kuchoma. Mara nyingi hutokea masaa 12 hadi 24 baadaye, ndio maana mtu hata hakumbuki ile baridi ya jana kituoni akingoja basi.

Na rangi isiwachanganye. Utasikia ati lazima iwe nyekundu, lakini ngozi yetu wekundu hauonekani sana, utaona zambarau au weusi uliozidi. Kama amepaka hina au piko ndio kabisaa, heri aguse asikie kama pamevimba na panauma.

Swali: Nimwambie aloweke miguu kwa maji moto?

Jibu: La! Hilo ndilo kosa linalofanya mambo kuwa mabaya zaidi, na ndilo kila mtu humshauri. Maji moto, hita, chupa ya maji moto juu ya vidole, vyote awache. Avae soksi kavu, ajifunike blanketi, apashe mwili mzima pole pole. Asikune, ngozi ikichubuka vijidudu vinaingia. Apake mafuta ya kulainisha yasiyo na harufu kali. Mafuta ya karafuu na pilipili na siki mnazomtumia kwa parseli, mamangu, kwa ngozi iliyovimba hivyo zinaunguza tu.

Swali: Inakaa muda gani?

Jibu: Akijikinga na baridi, wiki moja hadi tatu inaisha yenyewe. Akiendelea kutoka na viatu vyenye maji kila siku basi vinaweza kufanya malengelenge, vikapasuka, vikawa vidonda. Na aliyepata mwaka huu, winta ijayo huenda ikarudi.

Swali: Mimi niko Mombasa hapa hapa, nafanya kazi ya samaki, mikono kwa barafu kutoka alfajiri. Vidole vinavimba na kuwasha. Kemisti alinipa dawa ya fangasi, wapi!

Jibu: Hali ya hewa ya Mombasa haiwezi kukupa chilibleini, hata kusi ikivuma mwezi wa saba bado ni digrii 20 na kitu usiku. Lakini barafu ni barafu, popote ulipo. Kama ni chilibleini, dawa ya fangasi haitafanya kitu kwa sababu hapo hakuna fangasi. Tafuta glavu za raba zisizopitisha maji na ndani uvae za kitambaa, zikilowa ubadilishe, na ukitoka kwa barafu usikimbilie kushika kikombe cha chai ya moto, kausha mikono kwanza ipate joto yenyewe. Sigara pia inabana mishipa, hilo najua hutaki kusikia.

Lakini wewe nenda uonwe na daktari, kwa sababu mikono kuwasha kwa wauza samaki huweza pia kuwa ngozi imekataa kitu, au kidonda cha mwiba wa samaki kimeingia uchafu. Na mtu ambaye hajagusa barafu wala hajasafiri, yuko tu na joto letu hili na vidole vinafanya hivyo, huyo ndio hasa achunguzwe, maana lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe) na magonjwa mengine ya mishipa ya damu huweza kuanza na dalili kama hizi.

Swali: Kuna vidonge?

Jibu: Viko, kwa wale inayowarudia sana. Daktari anaweza kuandika nifedipini, ile ile ya presha, inafungua mishipa. Usinunue kiholela, inashusha presha na kuleta kizunguzungu.

Swali: Nasikia ni korona?

Jibu: Mwaka 2020 nchi nyingi waliona vidole vya aina hii, hasa kwa vijana, na wataalamu bado wanabishana kama ni virusi wenyewe au ni kukaa nyumbani miguu mitupu. Kwa binti wa Leicester, baridi yatosha kuwa sababu.

Swali: Lini ni haraka?

Jibu: Ukiona usaha, homa, uvimbe unapanda, au kidole kimepauka kigumu na hakina hisia, siku hiyo hiyo aende. Mwenye sukari asingoje hata dalili hizo, kidole kikibadilika rangi tu aonyeshe, kwa sababu huenda hasikii maumivu. Wengine, wiki tatu zikipita bila nafuu waende.

Swali: Inaambukiza?

Jibu: Hapana, lakini soksi zake zenye maji usizivae.