Chini ya kitovu si UTI tu: maswali ya bi harusi wa mwaka wa kwanza

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya hapa Dar es Salaam. Msimu wa harusi ukipita, wiki tatu nne baadaye benchi letu huanza kujaa mabi harusi. Wengi wana miaka 27, 28, 29, wamesoma, wana kazi zao. Hina imeshatoka viganjani ila kwenye kucha bado ipo. Na karibu kila mmoja, nikimuuliza ametumia dawa gani, anafungua mkoba na kutoa kifuko kidogo cha nailoni chenye kapsuli sita au saba zisizo na jina. "Niliambiwa ni UTI."

Nimeambiwa hivyo mara nyingi mno. Haya ndiyo wanayoniuliza, na haya ndiyo ninayowajibu.

UTI ni nini hasa?

Ni maambukizi ya njia ya mkojo. Bakteria, mara nyingi wale wa utumbo mkubwa waitwao E. coli, hupanda kwenye mrija wa mkojo hadi kwenye kibofu. Mrija wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, wa mwanamume unakaribia 20, ndiyo maana wewe unaugua na mwenzako hana habari. Ukiwa nayo, mkojo unachoma, unaenda chooni kila mara na yanatoka matone tu, haja inakubana ghafla, tumbo la chini linauma, na mkojo unaweza kuwa na ukungu au damu kidogo. Bakteria wakipanda zaidi hufika kwenye figo, na hapo ni habari nyingine.

Mbona sikuwahi kuugua, imenianza baada ya harusi?

Kwa sababu tendo la ndoa husukuma bakteria walio jirani kuelekea kwenye mrija wa mkojo, na wiki za mwanzo za ndoa mnazijua wenyewe. Madaktari wana hata jina la utani, ugonjwa wa fungate. Haina maana kwamba wewe ni mchafu, wala kwamba mumeo ametoka nje. Nimeona ndoa ya siku 20 ikiyumba kwa sababu shoga mmoja alimwambia bi harusi kwamba "UTI huletwa na wanaume wahuni".

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalisemi mpaka niwachokonoe. Bi harusi anaishi kwa wakwe, choo kiko uani, na kukifikia usiku lazima apite mlango wa mama mkwe. Kwa hiyo anajibana mpaka alfajiri. Mwingine anatoka kazini Posta saa kumi na moja, anakaa kwenye foleni ya gari saa mbili, na asubuhi hakunywa maji makusudi ili asisumbuke njiani. Mkojo unaokaa sana kwenye kibofu unawapa bakteria muda wa kuzaana. Kojoa baada ya tendo, usingoje asubuhi. Kunywa maji. Ukitawaza, anza mbele uende nyuma. Na mama mkwe naye alikuwa bi harusi, anajua watu wanaenda chooni usiku.

Nimeshanunua dawa dukani na nafuu nimepata. Nipime ya nini?

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia, mniwie radhi.

Hukujua unachoumwa. Muuza duka naye hakujua. Ulimwambia "nina UTI", akakupa dawa ya UTI, basi. Kama ungemwambia una taifodi angekupa ya taifodi. Hakuona mkojo wako, hakukupima joto, hakukuuliza siku zako ulizionaje. Pima kwanza.

Twende taratibu. Mwanamke anaungua akikojoa, ananunua nusu dozi kwa sababu ndiyo pesa aliyokuwa nayo. Siku ya pili moto umepungua, dawa zilizobaki anaweka kabatini. Bakteria dhaifu wamekufa, wale wagumu wamebaki. Wakati huohuo dawa imeua bakteria wema wa ukeni, wale wanaotunza uchachu unaozuia wadudu wengine. Fangasi wanapata nafasi. Wiki ya pili anawashwa, anatokwa uchafu mzito kama maziwa yaliyoganda, na mkojo ukigusa ngozi iliyochubuka unachoma. Anasema, "UTI imerudi." Anafungua kabati, anameza zile zilizobaki. Fangasi wanashangilia. Mwezi wa tatu anakuja kwangu na neno lililozagaa mjini: UTI sugu.

Wengi ninaowaona na hiyo "UTI sugu" nikipima mkojo hauna kitu. Wana fangasi waliowafuga wenyewe kwa antibayotiki. Wengine wana maambukizi ya zinaa ambayo hizo kapsuli haziyamalizi. Na wale wachache ambao kweli inawarudia, yaani mara 2 ndani ya miezi 6 au mara 3 kwa mwaka, wanahitaji kuoteshwa mkojo. Maabara inaacha bakteria waote, inachukua siku mbili tatu, kisha inajaribu dawa ipi inawaua. Lakini ukija umeshameza vidonge vinne, huenda wasiote. Unakuwa umeniharibia kipimo kwa mkono wako.

Na zile sindano za "UTI" zinazochomwa nyuma ya kaunta, moja kila jioni kwa siku tano? Sindano ina heshima yake, lakini kuchomwa si kupimwa. Pima kwanza.

Ninaumwa tumbo la chini upande mmoja, na siku zangu zimechelewa kidogo. Si ni UTI tu?

Naomba usome jibu hili mara mbili.

Mwaka jana aliletwa kwetu mwanamke wa miaka 28 kwa bajaji, ndoa ya miezi mitano. Alikuwa na siku nne anachomwa sindano za UTI kwenye duka la dawa la mtaani kwao kwa maumivu ya tumbo la chini, upande wa kushoto. Alipoingia hakuwa ameshika tumbo. Alikuwa ameshika bega. Akaniambia, "Nesi, na hili bega nadhani nimelilalia vibaya." Nikamvuta kope la chini, ndani ni peupe kama karatasi. Mapigo ya moyo yanakimbia. Nikamuuliza siku zake. Akafikiri kidogo, akasema zimechelewa wiki mbili, ila ameona matone, akadhani ndiyo zenyewe. Kipimo cha mimba kikatoa mistari miwili.

Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija wa uzazi, na mrija umepasuka. Damu inavuja tumboni. Ikifika juu inakera kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na maumivu yake mtu huyasikia begani. Tukamwekea dripu mbili, tukaita gari, hospitali wakamfungua mchana uleule. Mrija ukatolewa. Alipona. Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote ameshika mkoba wa mkewe, aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo haikuwa UTI?"

Haikuwa UTI. Na kipimo ambacho kingetuonyesha siku nne kabla ni cha mkojo uleule, bei yake ndogo kuliko sindano moja.

Umeolewa, hamtumii uzazi wa mpango, uko katika umri wa kuzaa. Maumivu yoyote ya chini ya kitovu, hata kama siku zako umeona, hata kama damu ilikuwa kidogo tu, pima mimba kwanza. Kipimo kikisema ndiyo na bado una maumivu upande mmoja, unatokwa na damu au unasikia kizunguzungu, fanyiwa ultrasaundi siku hiyohiyo. Usingoje mume arudi safari. Usingoje mwisho wa mwezi. Mimba ya aina hii haihamii kwenye kizazi kwa dua wala kwa mizizi, na haina dawa kaunta.

Usiniambie "lakini nilikuwa naungua nikikojoa". Inawezekana. Mtu anaweza kuwa na UTI na mimba nje ya kizazi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunapima vyote viwili.

Kungwi wangu alinipa shabu na ndimu za kujisafisha ndani. Zinasaidia?

Namheshimu kungwi. Mimi mwenyewe nilifundwa, na mengi niliyoambiwa ndani ya chumba kile yamenifaa. Singo jipake mwilini, udi fukiza nguo na chumba. Lakini ndani ya uke usiingize kitu. Si shabu, si ndimu, si kitunguu saumu, si sabuni, si maji ya vuguvugu kwa bomba. Uke unajisafisha wenyewe. Shabu inakausha na kuchubua, na ngozi iliyochubuka ni mlango wazi kwa kila maambukizi, UKIMWI ukiwemo. Ukiona unatokwa na harufu ya samaki, huo ni ugonjwa wenye dawa. Ukiusugua unazidi.

Mume naye anywe dawa?

Kama ni UTI ya kweli, hapana. Fangasi pia, kama yeye hana dalili, hapana. Kama ni maambukizi ya zinaa, yaani kisonono, klamidia au trikomona, ndiyo, nyote wawili kwa wakati mmoja, na mnapumzika tendo mpaka mmalize, la sivyo mtaambukizana huku na huku kama mpira wa danadana. Klamidia mara nyingi haina dalili yoyote kwa mwanamke. Inapanda kimyakimya na kuacha makovu kwenye mirija ya uzazi, mimba inaweza kukwama humo, kisha tunarudi kwenye hadithi ya yule wa bajaji.

Madafu yanatibu?

Yanaongeza maji mwilini na ni matamu. Hayatibu. Maji ya bomba yaliyochemshwa yanafanya kazi ileile.

Nimekulia Mwanza, naona damu kwenye mkojo bila kuungua. Ni UTI?

Mwambie mhudumu umekulia wapi, kama ulioga ziwani au kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Inaweza kuwa kichocho. Dawa yake ni nyingine kabisa.

Nina mimba, mkojo hauchomi. Mbona kliniki wanataka kuupima?

Kwa sababu mjamzito anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo asisikie chochote, na bakteria hao wakiachwa hupanda kwenye figo kirahisi kuliko kwa mwanamke asiye na mimba. Maambukizi ya figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo usinung'unikie kopo. Na hili la dawa za kabatini lina uzito zaidi hapa, maana baadhi ya antibiotiki ambazo watu humeza kama pipi, doksisaiklini na siprofloksasini kwa mfano, kwa kawaida hatuwapi wajawazito. Bi harusi wa miezi mitatu anaweza kuwa mjamzito bila kujua. Unaona ninakorudi? Pima kwanza.

Kuna wakati siwezi kungoja asubuhi?

Upo. Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni au mgongo chini ya mbavu. Kutapika mpaka dawa haikai tumboni. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu. Kizunguzungu au kuzimia. Maumivu ya bega yasiyo na sababu huku siku zimechelewa. Ukiwa na hata moja, toka usiku huohuo, kituo chochote kilicho karibu. Gonga mlango wa mama mkwe, ndiyo kazi yake. Sitaki kusikia "tulikuwa tunaangalia kama itatulia". Wanaoniambia hivyo ndio ninaowapeleka kwenye gari la wagonjwa mbio.

Nikija, nije na nini?

Njoo na kifuko chako cha nailoni na dawa zote ulizotumia, hata za mitishamba, sitakufokea (sana). Njoo na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, iandike kwenye simu leo. Usikojoe kabla tu ya kufika. Ukifika, nawa, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati. Kopo tutakupa sisi.