Boksi ya ushahidi wa ubakaji ni nini, na watafiti wanaitumia aje?

Juzi mama mmoja hapa Kondele, Kisumu, Kenya, aliniuliza, sasa kama msichana amesema ni jirani ndio alimfanyia, na huyo jirani anajulikana hadi kwao, hizo pamba na bahasha za hospitali ni za nini tena? Swali poa sana.

Kwanza boksi yenyewe. Kuna watu huiita kiti, kutoka kwa Kiingereza "kit", lakini ukiandika hivyo mtu anafikiria cha kukalia, so mimi nasema boksi. Ilianza kutumika hospitali za Chicago mwaka 1978. Ndani kuna pamba za kuchukua sampuli, bahasha, stika na fomu. Daktari ama nesi anapitisha pamba pale mtu aliguswa, anakwangua chini ya kucha, nguo zinaingia kwa mfuko wa khaki. Karatasi ya kweli, sio ile "karatasi" ya plastiki tulikuwa tunaitisha dukani kabla zipigwe marufuku 2017, juu plastiki inashika unyevu, nguo inaota ukungu na DNA inaharibika. Kila bahasha inafungwa, inaandikwa, na kila mwenye ameishika anasaini. Huku kwetu ndio unasikia fomu ya PRC ya hospitali (Post Rape Care, ya kuandika matibabu baada ya ubakaji), P3 ya polisi (ya kuandika majeraha), halafu sampuli ziende maabara ya Mkemia wa Serikali.

Sasa utafiti. Kule Marekani maboksi yalikuwa yanarundikwa tu stoo bila kupimwa. Mwaka 2009 huko Detroit walipata zaidi ya 11,000 kwa stoo moja ya polisi, hebu fikiria, kila moja ni mtu alivumilia masaa ya kupimwa mwili mzima halafu boksi ikakaa inakula vumbi. Zilipoanza kupimwa na DNA kulinganishwa, kesi zenye zilionekana hazihusiani zikaanza kurudi kwa mtu mmoja. Cleveland pia, watafiti wa chuo cha Case Western waliangalia kesi 243 wakapata asilimia 51 zimeunganishwa na wabakaji wa kurudia. Hiyo si kusema nusu ya wabakaji wote dunia nzima, ni zile kesi zilifika kwa boksi na wao wakazichunguza.

Lakini kitu ilinishika ni hii: polisi walikuwa wanaamini kuna mbakaji wa wageni na kuna mbakaji wa watu anaowajua, kumbe mara nyingi ni yule yule, leo anavamia mtu gizani, kesho ni binamu ama mpangaji mwenzake. So nikamwambia mama, huyo jirani unamjua wewe, lakini kwa faili ya mtu mwingine labda ameandikwa "hajulikani", na pamba ndio itawaunganisha.

Na boksi ikikosa DNA haimaanishi hakuna kitu ilifanyika, Mahakama yetu ya Rufaa ilishasema 2006 kwamba ubakaji unaweza kuthibitishwa hata bila ushahidi wa daktari. Pia hospitali si ya sampuli tu, dawa za kuzuia HIV zinafaa kuanzwa ndani ya masaa 72, na mapema ndio bora.

Mama akanyamaza, halafu akauliza kama nguo zenye zimeshalowekwa zinaweza kusaidia. Nikamwambia inawezekana, azitoe kwa maji saa hii, azianike kivulini, azibebe kwa khaki.