Je, safari ndefu za ndege zinaweza kutuonyesha kama dunia ni bapa au mviringo?

Video za dunia bapa zimeingia hadi barazani. Mji wa Kale hapa Mombasa, jioni baada ya magharibi, mtu huiweka simu katikati ya vikombe vya kahawa na kuuliza: kama dunia ni mviringo, mbona rubani hainamishi pua ya ndege kila mara? Ni swali zuri, na anayelicheka hajalijibu. Wala haitoshi kumwambia kijana "wataalamu wamesema", kwa sababu hao wataalamu ndio anaowashuku. Dawa yake ni kumpa kitu anachoweza kukipima mwenyewe.

Hilo la pua halina uzito mkubwa. Digrii moja ya mzingo wa dunia ni kama kilomita 111. Ndege ya abiria inayokwenda kilomita 900 kwa saa huchukua zaidi ya dakika 7 kuimaliza. Kwa hiyo pua inatakiwa kugeuka digrii moja tu katika muda huo wote, na hakuna abiria atakayelihisi hilo. Rubani naye hafanyi kazi yoyote ya ziada: mitambo hupima mgandamizo wa hewa na kuiweka ndege kwenye kimo kilekile. Na popote ndege ilipo, chini ni upande wa kitovu cha dunia.

Ushahidi mzito uko kwenye saa za safari.

Wengi wanaotetea dunia bapa hutumia ramani moja: duara lenye Ncha ya Kaskazini katikati, mabara yakiwa yametawanyika kulizunguka, na Antaktika ikiwa ukuta wa barafu pembezoni. Ramani hiyo hawakuibuni wao. Ni aina halali inayojulikana na wachoraji wa ramani, na ndiyo iliyo kwenye nembo ya Umoja wa Mataifa. Umbali wowote unaopimwa kutoka Ncha ya Kaskazini moja kwa moja kuelekea kusini ni sahihi ndani yake. Tatizo ni mashariki na magharibi. Menya chungwa kisha ujaribu kulilaza ganda mezani: ama litachanika, ama ulivute. Ramani hii imevutwa kwa upana, na kadiri unavyoshuka kusini ndivyo ilivyovutwa zaidi. Hapa petu, digrii 4 kusini ya Ikweta, upana umeongezeka mara 1.6 hivi. Ukifika usawa wa Cape Town umeongezeka mara 2.6.

Kwa hiyo si kila safari inafaa kwa jaribio hili. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, na ndiyo maana kibla chetu hapa ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Umbali wake ni kama kilomita 2,830, uwe unapima kwenye tufe au kwenye ramani bapa. Mwenye kwenda Hija hawezi kumshinda mtu kwa kuhesabu saa alizokaa angani. Hata ndege ya kutoka uwanja wa Moi kwenda Addis Ababa haisaidii, kwa sababu nayo inaelekea kaskazini tu.

Panda ndege ya Nairobi kwenda Accra, hapo hesabu zinaanza kuachana. Kwenye tufe ni kama kilomita 4,180. Kwenye ramani bapa ni kama 6,240. Safari huchukua takriban saa 6. Ili kuimaliza njia ya ramani bapa kwa muda huo, ndege ingehitaji wastani wa kilomita 1,040 kwa saa, ukijumlisha kupaa na kutua. Hiyo ni karibu kasi ya sauti kwenye anga za juu, na ndege za abiria za leo haziendi hivyo.

Lakini jaribio lenyewe hasa liko kusini zaidi, kati ya Sydney, Australia, na Santiago, Chile. Mashirika ya Qantas na LATAM huruka njia hii bila kutua popote. Kwenye tufe ni kama kilomita 11,340, na safari ya kuelekea Santiago huchukua saa 12 na nusu hivi. Gawanya: unapata kilomita 900 kwa saa, kasi ya kawaida kabisa. Sasa chukua rula uipime njia hiyohiyo kwenye ramani bapa. Utapata zaidi ya kilomita 25,000. Kwa saa zilezile, ndege ingehitaji kwenda zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, karibu sawa na Concorde, ile ndege ya abiria iliyokwenda kasi kuliko sauti, iliyoacha kubeba abiria mwaka 2003.

Halafu kuna mafuta. Boeing 787-9, mojawapo ya ndege zilizotumika kwenye njia hii, imeundwa kwenda takriban kilomita 14,000. Safari ndefu kuliko zote za abiria, Singapore hadi New York, ni kama kilomita 15,300 na huchukua zaidi ya saa 18. Iweje basi Sydney–Santiago iizidi kwa kilomita 10,000 na bado iwahi kufika?

Tazama pia njia yenyewe. Mstari ulionyooka kwenye ramani bapa ungewavusha abiria Ikweta, uwapeleke hadi Pasifiki ya kaskazini, magharibi ya Marekani, kisha uwavushe Ikweta tena kurudi kusini. Kwenye tufe, njia fupi inashuka hadi karibu digrii 62 kusini, jirani na Antaktika. Aliyekaa dirishani hawezi kuzichanganya bahari hizo mbili.

Watetezi wa ramani bapa wana majibu yao, na ni haki tuyasikilize. Wapo wanaosema upepo ndio unaoisukuma ndege. Ni kweli kwamba huko juu pepo huvuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, na zinaisaidia ndege ya kwenda Santiago. Lakini inaporudi inapambana nazo, na bado inachelewa kwa saa moja au mbili tu.

Wengine husema ndege hizo hupotea kwenye programu za kufuatilia safari, kwa hiyo kuna linalofichwa. Hupotea kweli. Sababu ni kwamba vipokezi vingi vya mawimbi ya ndege viko nchi kavu, na katikati ya bahari ya kusini hakuna nchi kavu. Hata hivyo, saa ya kuondoka na ya kutua huonwa na kila ndugu aliyekuja kumpokea abiria wake uwanjani.

Mfano wanaoupenda zaidi ni wa mwaka 2015. Ndege ya China Airlines iliyokuwa ikitoka Taipei kwenda Los Angeles ilitua Anchorage, Alaska, baada ya abiria kujifungua angani. Kwenye ramani bapa Alaska iko njiani. Lakini kwenye tufe pia njia fupi kati ya miji hiyo hupinda kaskazini, na Alaska ni miongoni mwa sehemu za karibu za kutua. Angalia mfano huo umetoka wapi: kaskazini, ambako ramani yao haijavutwa sana.

Je, wakichora ramani bapa nyingine, yenye Ncha ya Kusini katikati? Hapo Sydney–Santiago itakaa sawa, lakini tatizo litahamia upande wa pili. Tokyo hadi Los Angeles, ambayo ni kama kilomita 8,800, itavutwa hadi zaidi ya kilomita 21,000, na ndege huvuka bahari hiyo kila siku kwa saa 10 hadi 12.