Dishi kubwa lenye mota hapa ikweta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Maelezo mengi ya kufunga dishi kubwa lenye mota, yaani lile la setilaiti linalogeuzwa kutoka setilaiti moja hadi nyingine, yaliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambao setilaiti zao ziko kusini, chini chini, karibu na paa la jirani. Kisumu iko digrii 0.1 tu kusini mwa ikweta, Nakuru 0.3. Ukitoka Kisumu kwenda Busia unaivuka ikweta pale Maseno kabla hujachoka safari. Kwa hiyo fundi anayefuata kijitabu cha kwenye boksi neno kwa neno hujikuta akipindisha vyuma vilivyokuwa sawa. Dhana nyingi potofu ninazozisikia huku kwetu zimezaliwa hapo. Chache tumezitunga wenyewe.

“Dishi huelekezwa kusini”

Wengine husema kaskazini. Wote wamekosea.

Setilaiti za televisheni zimepangika juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, zikizunguka sambamba na dunia, ndiyo maana ukiwa chini huzioni zikisogea. Arthur C. Clarke aliandika mwaka 1945 jinsi njia hiyo ingeweza kutumika kurushia matangazo, na hadi leo mafundi wengi huiita mkanda wa Clarke. Mtu wa London huuona mkanda huo umeinama upande wa kusini. Mtu wa Kisumu unampita utosini: unaanzia mashariki, upande wa Chemelil, unapanda hadi juu ya kichwa chake, kisha unashuka magharibi upande wa ziwa.

Setilaiti huitwa kwa longitudo zilizo juu yake. Ile ya digrii 36 mashariki, inayobeba DStv ya huku, iko kwenye kimo cha digrii 88 na nusu ukiwa Kisumu, yaani dishi linatazama mbinguni moja kwa moja. Zile za Intelsat za 68.5 mashariki ziko kwenye digrii kama 51, upande wa mashariki. Nilesat, 7 magharibi, iko kwenye digrii kama 42 upande wa pili. Hakuna hata moja iliyo kusini au kaskazini kwa kiasi cha kumsumbua mtu.

Basi mhimili wa mota, ambao Ulaya huinuliwa kulingana na latitudo ya mahali, huku hulazwa mlalo kabisa, ncha moja kaskazini na nyingine kusini. Dishi linageuka kama mlango ambao bawaba zake zimelazwa chini. Ile pembe ya ziada ya deklinesheni, ya kuliinamisha dishi kutoka kwenye mhimili lilenge mkanda, ambayo London hupita digrii 7, hapa Kisumu ni kama sufuri, na Nakuru ni sehemu ya ishirini ya digrii moja. Sijaona spana inayoweza kurekebisha kitu kidogo hivyo, kwa hiyo iache sufuri uendelee na kazi.

“Nikipata setilaiti moja vizuri, zingine zitajileta”

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Dishi lenye mota linaweza kupokea 36 mashariki kwa nguvu zote na bado likazikosa setilaiti za pembeni kabisa, kwa sababu kila kosa la ufungaji lina mahali pake pa kujionyesha.

Kama kaskazini yako si sahihi, setilaiti za utosini zitaingia vizuri lakini za mashariki na magharibi zitakataa, na zitakataa kinyume: upande mmoja dishi litakuwa limeenda kaskazini mno, upande wa pili kusini mno. Dawa yake ni kulegeza nati na kuuzungusha mhimili juu ya nguzo kidogo kidogo. Kama mhimili haujalala sawasawa, ncha moja imeinuka, mambo hugeuka: za pembeni kabisa hazidhuriki sana, ila za utosini ndizo zinazopungua nguvu. Na kama kosa ni lile lile kila mahali, upande ule ule, tazama deklinesheni, pengine kuna mtu aliiweka kama ya Ulaya. Nguzo ikiinama kuelekea mashariki au magharibi peke yake, hiyo haiharibu kitu, mota itafidia. Kuinama kaskazini au kusini ndiko kunakouma. Pima maji isitoke mfukoni.

Kuhusu kutafuta kaskazini, dira hufanya kazi vizuri huku ukiwa mbali na chuma. Ukiisogeza karibu na nguzo, inakudanganya. Mimi naamini kivuli zaidi. Mwezi wa Juni au Desemba, simika fito ya mita 3 wima kabisa. Adhuhuri halisi Kisumu ni kama saa sita na dakika arobaini mchana, si saa sita kamili, na wakati huo kivuli cha mita moja na ushee kitalala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Nakuru ni dakika chache mapema. Usijaribu hivyo Machi au Septemba, jua litakuwa utosini na fito haitakuwa na kivuli cha maana.

Kuna jambo moja zuri ambalo watu wa mbali na ikweta hawalipati kirahisi namna hii. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua hapa kwetu hupita juu ya mkanda wenyewe wa setilaiti. Liangalie siku hizo, au siku moja mbili kabla na baada. Saa nne hivi asubuhi liko mahali pa setilaiti za 68.5, kati ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo liko pa 36 mashariki, na ikikaribia saa kumi alasiri liko pa Nilesat. Mwembe unaotia kivuli pale unapotaka kusimika dishi saa hizo utazuia na mawimbi. Dishi likishasimama, lipeleke kwenye setilaiti uitakayo na uangalie kivuli cha LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi, kikipita katikati yake.

Siku hizo hizo pia, picha hukatika kwa dakika chache mchana, jua linapokaa nyuma ya setilaiti. Dekoda yako haijaharibika, na hakuna aliyekufungia. Ila chunga rangi: dishi lililopigwa rangi ya fedha inayong’aa hukusanya joto la jua kwenye LNB na linaweza kuyeyusha kifuniko chake. Rangi isiyong’aa ndiyo inayofaa.

“Dishi likiwa kubwa, chaneli za Uingereza zitakuja bure”

Hii ndiyo dhana inayouza madishi, hasa msimu wa mpira. Setilaiti za Astra zilizo 28.2 mashariki, zinazobeba chaneli za Uingereza, ziko karibu na utosi wetu, digrii 82. Anayefikiri kwa akili ya kawaida anasema: ziko juu yangu, nitakosaje? Utakosa kwa sababu mwale unaobeba chaneli hizo umeelekezwa Uingereza na visiwa vya jirani, si chini yake ulipo wewe. Weka dishi la mita 3, weka la mita 5, bado hakuna kitu. Kinachotangulia ni ramani ya eneo linalomulikwa na mwale, ukubwa wa dishi unafuata baadaye.

Na chaneli zilizofungwa hubaki zimefungwa. Dishi kubwa huleta mawimbi yenye nguvu zaidi, halifungui kufuli. Mita yako ya kupimia itaonyesha mawimbi ya DStv vizuri sana, na hilo linafaa kwa kulenga, lakini picha bila kadi hupati.

Faida ya kweli ya ukubwa ipo. Kutoka mita 1.8 hadi 2.4 unaongeza desibeli 2.5 hivi, na hizo mara nyingi ndizo zinazotenganisha picha safi na picha inayokatakata kwenye bendi ya C, ile ya mawimbi marefu. Gharama yake ni kwamba dishi kubwa huona sehemu nyembamba zaidi ya anga. La mita 2.4 kwenye bendi ya C lina upana wa digrii 2 na kidogo. Kwenye bendi ya Ku, ile ya mawimbi mafupi, halifiki hata digrii moja, ni kama 0.7. Anayekuambia dishi kubwa ni rahisi kulenga kwa kuwa “linameza kila kitu” hajawahi kulishika. Dishi la wavu nalo lichunguzwe matundu: yakizidi milimita 2 au 3, bendi ya Ku inavuja, ingawa bendi ya C itaendelea bila shida.

“Mota ni mota”

Siyo. Zile mota ndogo zinazopokea umeme kupitia kebo ya dekoda zimetengenezwa kwa madishi ya mita moja na ushee, na nyingi zina kipimo cha latitudo kisichofika sufuri. Angalia kipimo hicho kabla hujatoa pesa, kwa sababu bila sufuri utalazimika kwenda kwa mafundi wa jua kali kuchomelewa nguzo iliyopinda ili mhimili ulale.

Dishi la mita 1.8 kwenda juu linahitaji mota ya mkono, lile bomba linalorefuka na kufupika, la volti 36. Dekoda haitoi volti hizo. Katikati panakaa kisanduku chenye umeme wake, kama V-Box, kinachopokea amri za DiSEqC, lugha ya dekoda ya kuamrisha mota kupitia kebo, kutoka kwa dekoda na kuzigeuza kuwa mwendo. Mkono huo haufiki upeo hadi upeo. Ukikaribia mwisho unakosa nguvu ya kusukuma. Chagua mapema nusu ya anga unayoitaka zaidi.

Wapo pia wanaoamini kuwa mota hutafuta setilaiti yenyewe. Haitafuti. Mfumo wa USALS hupiga hesabu ya pembe kutokana na latitudo na longitudo ulizoandika, basi. Andika Kisumu 34.8 magharibi badala ya mashariki, nayo itakwenda pale pale ulipoituma. Kisanduku cha volti 36 chenyewe huhesabu tu mapigo ya kihisio kilicho ndani ya mota. Stima ikikatika katikati ya mwendo, hesabu inaweza kuhama na setilaiti zote zikahama nayo. Kabla ya kulegeza nati yoyote, rudi kwenye 36 mashariki, sahihisha hapo, ujaribu nyingine.

“Juu ya paa ndiyo mahali pake”

Mtu anayepandisha dishi mita nne ili alisogeze karibu na setilaiti anapigana na kilomita 35,786. Ni hoja ile ile ya rafiki yangu wa Nakuru anayedai wao wanapata picha nzuri kutushinda kwa sababu mji wao uko juu mita 700 kuliko Kisumu.

Kwa kuwa setilaiti zetu nyingi ziko juu, ua wa nyumba unatosha. Weka dishi chini, mahali unapoweza kulifikia na spana bila ngazi. Upepo ni sababu nyingine: dishi la mita 2.4 lina eneo la mita za mraba 4.5, na upepo wa kilomita 72 kwa saa ukiligonga uso kwa uso unalisukuma kwa uzito unaozidi kilo 100. Mabati na mbao za paa hazikujengewa kazi hiyo. Upepo ukianza, lipeleke 36 mashariki. Likitazama juu upepo unapata pa kushika padogo.

Ukiwa Ahero au popote kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano, chimba zaidi. Udongo ule huvimba masika na kupasuka kiangazi, na nguzo iliyosimikwa juu juu itakuwa imeinama kabla ya mwaka kuisha.

“Mvua ikinyesha, bendi ya C nayo inakufa”

Bendi ya Ku ndiyo inayoteseka kwenye mvua kubwa za alasiri za huku. Bendi ya C haijali sana. Picha ya bendi ya C ikipotea mvuani, mara nyingi kosa liko kwenye dishi lenyewe, na ni kosa la ikweta: dishi la bati linalotazama juu linajaa maji. Dishi la mita 2.4 hukusanya zaidi ya lita 50 kwa mvua ya milimita 13 tu, na hizo ni kilo 50 juu ya mota, katikati ya umbo ambalo lilipaswa kuwa sahihi kwa milimita. Toboa tundu dogo pale chini kabisa, na ulizibue majani kila msimu.

Na radi? Dishi haliiti radi kuliko mti au paa la bati lililo karibu. Lakini ni chuma kilichounganishwa kwa kebo hadi sebuleni, na radi ikipiga hata karibu tu, umeme hupanda kebo hiyo. Fito ya shaba ardhini, nguzo ifungwe nayo kwa waya mnene, na kebo ifungwe nayo pia kabla haijaingia ndani. Wakazi wa Kisii na Nyamira hawahitaji kuambiwa mara mbili. Mawingu yakiwa meusi, chomoa kebo ya LNB na plagi ya kisanduku cha mota, vyote viwili, kwa sababu waya za mota nazo zinaingia ndani.

“Kila televisheni itatazama yake”

Dishi moja, setilaiti moja kwa wakati mmoja. Anayeshika rimoti ya kisanduku ndiye anayewachagulia wote, na mota ikianza kusogea wale wa chumba cha pili hubaki na skrini nyeusi. Ukitaka 36 mashariki ipatikane wakati wote kwa wengine, wawekee dishi dogo la pembeni, la sentimita 90, lisilo na mota.