Pedali ya wawa: anza na rezista moja tu

Juzi kijana mpiga solo wa kwaya alikuja kutoka Mikindani na pedali yake ya wawa, ile ya kukanyaga inayofanya gitaa liseme "uwaa", aina ya Cry Baby GCB-95, kaifunga kwenye mfuko wa rambo. "Shikamoo, fundi." Nikaitikia, nikamuuliza ina tatizo gani. Akafikiri kidogo, akasema, "Inalia, lakini haisemi."

Nililipenda sana jibu lile, kwa sababu ndivyo ilivyo. Zile pedali zinatoka kiwandani zikiwa na mdomo uliofumbwa nusu. Kuufumbua ni kazi ya rezista moja, kipuri kidogo kinachobana umeme, na kwa anayetaka kujifunza elektroniki sijaona pa kuanzia pazuri kuliko hapo. Watu huniambia wanataka kuanza na ampu, yaani kikuza sauti. Nawakataza. Ampu ya umeme wa ukutani ina kapasita, yaani vipuri vinavyotunza umeme, zinazoweza kushika chaji hata baada ya kuchomoa waya, na ukizigusa zinaweza kukuua. Pedali inakula betri ya volti 9. Tena, ukibadilisha kitu kwenye wawa, sikio lako lenyewe linakujibu papo hapo.

Sema "uwaa" polepole uone mdomo unavyofanya. Koo halijabadilika, kilichobadilika ni uwazi wa mdomo, unaoinua sehemu fulani ya sauti na kuiacha nyingine. Pedali inafanya hivyohivyo. Ndani mna koili (waya uliozungushwa) ya milihenri 500 na kapasita ya mikrofaradi 0.01, na hizo mbili zikikaa pamoja zinapenda mtetemo mmoja kuliko mingine yote, karibu hezi 2,250, yaani mitetemo 2,250 kwa sekunde. Ukirudisha kisigino, volyumu ya 100k (yaani omu 100,000; omu ni kipimo cha kubana umeme) iliyo chini ya kanyagio, ikisaidiana na transista, kipuri kinachokuza mawimbi ya umeme, inaifanya kapasita ile ionekane kubwa kuliko ilivyo, na kilele cha sauti kinashuka hadi kwenye mamia ya hezi. Ukikanyaga kwa vidole kinapanda tena. Saketi hii ilizaliwa Marekani mwaka 1966, mikononi mwa Brad Plunkett wa Thomas Organ, na hadi leo umbo lake halijabadilika sana.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha pedali ni nzima. Huku kwetu Mtwara hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi haimhurumii mtu. Pedali ya kijana ilikuwa inakwaruza kila akikanyaga. Nilifungua skrubu nne zinazoshika miguu ya mpira, nikakuta kwenye tundu la waya wa gitaa ukungu wa kijani, na volyumu imejaa vumbi. Nilipulizia dawa ya kusafishia kontakti, nikaizungusha volyumu huku na huku mara nyingi, mkwaruzo ukaisha. Ungeanza kubadilisha vipuri na uchafu ule ukiwepo, usingejua kipi kimeleta nini.

Sasa rezista yenyewe. Toa betri, chomoa na waya wa gitaa. (Hata siku za kawaida chomoa waya ukimaliza kupiga, kwa sababu ukibaki kwenye tundu la kuingizia, betri inaendelea kuliwa usiku kucha.) Tafuta koili kwenye bodi, kisha fuata njia za shaba kutoka miguu yake miwili hadi uione rezista iliyolala sambamba nayo. Ni ya 33k: chungwa, chungwa, chungwa, kisha dhahabu. Usitegemee rangi peke yake, fuata shaba. Ukikuta toleo lenye vipuri vidogo vidogo visivyo na miguu, hilo mpelekee fundi, si la kuanzia.

Kazi yake ni ipi? Chukua ngoma iliyokwisha kuoteshwa moto, ngozi imekaza vizuri. Ipige huku kiganja kimelala juu ya ngozi: sauti inakatika. Kipunguze uzito kiganja, inavuma. 33k ni kile kiganja juu ya koili. Rezista yenye omu nyingi zaidi ni kiganja chepesi zaidi, kwa hiyo kilele cha sauti kinachongoka na "uwaa" inatamkika.

Usiweke rezista mpya moja kwa moja. Ing'oe ya zamani, kisha lehemu vipande viwili vya waya kwenye matundu yake, vitoke nje kama vidole viwili. Hapo unaweza kujaribu 47k, 68k, 82k, 100k, moja baada ya nyingine, huku unapiga. Zaidi ya 100k sauti inakuwa kali hadi inaumiza masikio, kwangu mimi haifai kanisani wala ukumbini.

Kwenye kung'oa ndipo wengi wanapoharibu. Nilipoanza kazi hii nilikandamiza chuma cha kulehemu mahali pamoja huku navuta mguu wa rezista kwa nguvu, nikainua na shaba yenyewe. Kipande chembamba kilijikunja kama ganda la kitunguu. Ilibidi niunge njia kwa kipande cha waya, na bodi haikuwa ya kwangu. Kwa hiyo: chuma cha wati 25 hadi 40, sekunde mbili au tatu, lehemu ikiyeyuka inyonye kwa pampu, mguu uwe huru ndipo uvute. Ukikataa kutoka, acha bodi ipoe, kisha rudia.

Mengine yaje baadaye. Kapasita ya 0.01 ukiibadilisha kwa 0.015, kilele cha sauti ukikanyaga kwa vidole kinashuka hadi hezi 1,840 hivi, sauti inakuwa nzito zaidi. Omu 390 kwenye transista ya kwanza ya wawa ukiiweka 270 inaongeza nguvu na besi. Lakini usiyafanye yote siku moja, maana ukipenda au ukichukia matokeo hutajua umshukuru au umlaumu nani.

Kijana alikaa kwenye benchi na gitaa lake, mimi nikawa nambadilishia rezista bila kumwambia ni ipi. Ya 47k alitikisa kichwa. Ya 100k alikunja uso. Ya 68k alirudia mstari wa wimbo wao mara tatu, akaacha kunitazama. Nikailehemu hiyo. Ile 33k ya asili nimeibandika kwa utepe ndani ya kifuniko, na tarehe nimeandika, ili fundi atakayefungua baada yangu aone ilikotoka.