Je, Wajua kwa Nini Mtu Aliyeganda Kizingitini Anaweza Kuendesha Baiskeli?

Tuseme kuna mzee huko Hombolo, mkoani Dodoma, ambaye huinuka kwenye kigoda chake uani na kwenda kwa hatua fupi za kuburura hadi mlangoni, kisha hapo kizingitini miguu ikagoma. Kiwiliwili kinaelekea mbele, nyayo zimenata chini, na kadiri watu wa nyumbani wanavyomhimiza ndivyo anavyozidi kuganda. Lakini mzee huyohuyo, akishikiwa baiskeli na kusukumwa kidogo, hukanyaga pedali na kupita kando ya mashamba ya zabibu bila kuyumba. Jirani asiyejua husema kwamba anajisingizia, au kwamba amerogwa.

Jambo hili limeshuhudiwa na wataalamu. Mwaka 2010 madaktari Anke Snijders na Bastiaan Bloem wa Nijmegen, Uholanzi, walieleza katika jarida la New England Journal of Medicine habari za mwanamume wa miaka 58 aliyekuwa na ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayovuruga mwendo, kwa miaka 10. Alikuwa akiganda vibaya kiasi kwamba hakuweza kutembea bila kushikiliwa, ila juu ya baiskeli aliendesha na hata kugeuka kama mtu mzima wa afya. Aliposhuka tu, miguu ikaganda tena.

Ili kuelewa sababu, tukumbuke kwamba kutembea ni kazi ambayo kwa kawaida haifikiriwi. Anayekwenda kisimani hahesabu hatua. Huwaza mengine, huku viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo vikipima urefu wa kila hatua, vikiamua wakati wa kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na kuitupa mikono mbele na nyuma kufuatana na miguu. Viini hivyo hutegemea kemikali iitwayo dopamini, na katika ugonjwa wa Parkinson, ambao James Parkinson wa London aliuandikia mwaka 1817, seli zinazoitengeneza hufa pole pole. Kwa hiyo misuli ya mgonjwa inaweza kuwa na nguvu ya kutosha, ila ile amri ya kimya inayosema “sasa hatua nyingine” hufika dhaifu, au imechelewa, au isifike kabisa.

Hata hivyo ubongo una njia nyingine ya kuuongoza mwendo, ipitayo kwenye sehemu zinazopokea habari kutoka machoni, masikioni na kwenye ngozi, na njia hii haiumii kiasi hicho. Mwaka 1967 daktari Mwingereza James Purdon Martin alieleza kwamba wagonjwa walioshindwa kutembea kwenye sakafu tupu waliweza kwenda vizuri ilipochorwa mistari ya kukatisha njia yao, ilhali mistari iliyochorwa kuelekea waendako haikuwasaidia. Mstari uliokatisha humpa mguu kitu cha kuvuka, na hatua ambayo ingepaswa kujitokeza yenyewe hugeuka kuwa hatua ya makusudi. Ndiyo maana baadhi yao hupanda ngazi kwa wepesi kuliko wanavyovuka ukumbi, na huenda baiskeli nayo hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa pedali inayozunguka huuambia mguu kila mara kwamba zamu yake imefika.

Sauti nayo hufaa. Hapa kwetu, kaskazini mwa nchi, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusisha wagonjwa wa Parkinson ambao hawakuwa wameanza dawa. Walifundishwa kutembea wakifuata ishara za nje, na kasi pamoja na urefu wa hatua zao vikaongezeka, hata walipopewa kazi nyingine ya kufanya huku wakitembea. Nauona utafiti huu kuwa na uzito wa pekee kwetu, kwa sababu tafiti zilizotangulia wilayani Hai zilionyesha kwamba wagonjwa wengi hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini, na mstari wa chokaa uani au mdundo wa kupigiwa makofi hauhitaji duka la dawa. Mgogo aliyekulia kwenye ngoma ya muheme hahitaji kuelezwa jinsi mdundo unavyoweza kuuinua mguu. Lakini mdundo huo usizidi sana mwendo wake wa kawaida, maana wapo wagonjwa ambao hatua zao hufupika na kuharakishana mpaka wakaanguka, na levodopa, ambayo ndiyo dawa kuu, haiachwi kwa sababu ya mistari.

Kwa kuwa hutembea kwa kufikiri, mgonjwa hushindwa fikra zinapoitwa kwingine. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliripoti kwamba wazee waliolazimika kusimama kila walipoanza kuzungumza njiani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka katika miezi 6 iliyofuata. Kipimo hicho kikiletwa Dodoma kinahitaji busara, kwani mzee akisalimiwa kwa Kigogo “Mbukwa!” barabarani husimama kwa adabu tu, si kwa maradhi, cha kutazama ni kama anasimama hata anapoongea na mjukuu anayetembea naye bega kwa bega.

Baiskeli ina faida nyingine tena. Yapo maradhi yanayofanana na Parkinson kwa ukakamavu na uzito wa mwendo, lakini huharibu mapema uwezo wa kujizuia usianguke upande, na mwaka 2011 kikundi hichohicho cha Uholanzi kilionyesha kwamba wengi wa wenye maradhi hayo walikuwa wameshaacha kuendesha baiskeli tangu ugonjwa ulipoanza, ilhali wenye Parkinson walioacha walikuwa wachache sana. Kwa hiyo daktari wa zahanati isiyo na mashine yoyote ya kupiga picha ubongo, mbele ya mzee aliyezoea kwenda gulioni kwa baiskeli, anaweza kupata fununu muhimu kwa kumuuliza tu kama bado anaiendesha, na kama ameiacha, ni tangu lini.