Ndege za Wanamaji wa Japani: Zilivyopangwa, Zilivyopigana na Zilivyokwisha

Mnamo Mei 1942 ndege ndogo ya kutua majini, iliyobeba watu wawili tu, ilipita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam, ikatazama ni meli gani zilizotia nanga, kisha ikarejea baharini bila kudondosha bomu hata moja. Ilitoka kwenye nyambizi ya Kijapani I-30. Nyambizi hiyo ilikuwa ikisafiri nayo ikiwa imefunguliwa vipande vipande ndani ya banda dogo lisilopenya maji, lililojengwa juu ya sitaha. Ilipohitajika, mafundi waliiunganisha, wakairusha kwa mtambo wa kufyatulia, na iliporudi ikatua juu ya maji na kunyanyuliwa kwa kreni. Mwishoni mwa mwezi huohuo ndege nyingine, ya nyambizi I-10, iliichungulia bandari ya Diego Suarez kule Madagaska, na baada yake nyambizi ndogo zikaipiga kwa topido manowari ya Kiingereza Ramillies.

Anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza huuliza kwa nini ndege hizo zilikuwa za wanamaji na si za jeshi la anga. Jibu ni kwamba Japani haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na ndege zake na wanamaji walikuwa na zao, kila upande ukiwa na shule zake za marubani, mahitaji yake kwa viwanda na mipango yake ya vita, na pande hizo mbili zikigombea chuma, mafuta na vijana walewale. Ili kuelewa jinsi ndege za wanamaji zilivyopanda juu haraka na kuporomoka haraka, inafaa kuangalia mpangilio wa vikosi na namna marubani walivyopatikana kabla ya kuangalia ndege zenyewe.

Historia hiyo ilianza mapema. Mwaka 1914 meli Wakamiya ilirusha ndege zake dhidi ya Wajerumani waliokuwa Tsingtao, nchini China. Mwaka 1921 wakufunzi wa Kiingereza walifika Kasumigaura kuwafundisha wanamaji wa Japani urushaji wa ndege, na mwishoni mwa 1922 ikakamilika Hosho, meli ya kwanza duniani kuingia kazini ikiwa imebuniwa na kujengwa tangu mwanzo kwa ajili ya kubeba ndege. Mwaka 1927 iliundwa idara kuu ya anga ya wanamaji kusimamia mafunzo na ununuzi wa ndege.

Kikosi cha msingi kiliitwa kokutai. Hiki hakikuwa kundi la marubani peke yao. Kilikuwa na ndege, marubani, mafundi wa injini, wahudumu wa silaha, wapishi na makarani, wote chini ya kamanda mmoja. Kwa kawaida kilichukua jina la kituo kilikoundwa, kama vile Yokosuka, Kanoya au Tainan. Angani, ndege tatu zilikuwa shotai, shotai tatu zilikuwa chutai, na chutai mbili au tatu zikawa daitai. Kokutai kadhaa ziliunganishwa kuwa kundi kubwa, na makundi hayo yakaunda kikosi cha anga kilichoongozwa na admirali. Kuanzia Novemba 1942 vikosi vya mapigano viliacha majina ya vituo na namba zikatumika badala yake: Tainan ikawa 251, na tarakimu ya kwanza ikawa inamwonyesha anayesoma kikosi ni cha aina gani.

Kwenye meli za kubeba ndege mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ilikuja kuwagharimu. Kundi la ndege lilikuwa mali ya meli yake. Marubani wa meli ya Akagi walikuwa wa Akagi, wakafanya mazoezi pamoja na mafundi wake hadi kila mtu akaijua sauti ya mwenzake. Faida yake ilikuwa umahiri. Hasara yake ilionekana Mei 1942 baada ya mapigano ya Bahari ya Matumbawe, pale meli ya kubeba ndege Zuikaku iliporudi nyumbani ikiwa nzima lakini imepoteza ndege na marubani wengi. Haikupelekwa kwenye mapigano ya kisiwa cha Midway, katika Pasifiki, mwezi uliofuata, kwa kuwa haukuwapo utaratibu wa kuipa haraka kundi la ndege kutoka kwingine.

Marubani wenyewe walichujwa vikali. Maofisa waliotoka Etajima, chuo cha maofisa wa wanamaji, walikuwa wachache. Kazi kubwa ilifanywa na askari wa vyeo vya chini, wakiwemo vijana walioingia kupitia mpango wa Yokaren ulioanzishwa mwaka 1930, ambao uliwachukua wakiwa bado na umri wa kwenda shule. Waliobaki baada ya mchujo huo walikuwa hodari kweli. Tatizo ni kwamba walikuwa wachache, na wakubwa wao waliamini vita vitakuwa vifupi.

Ndege nazo zilibuniwa kwa imani hiyohiyo. Ndege ya kivita ya Mitsubishi ijulikanayo kama Zero ilipewa namba hiyo kwa sababu iliingia kazini mwaka 1940, ambao kwa kalenda ya kifalme ya Japani ni mwaka 2600. Iliweza kuruka mbali kuliko wapinzani wake na kugeuka kwa wepesi mno, lakini wepesi huo ulipatikana kwa kuacha bamba la chuma la kumkinga rubani na matangi ya mafuta yanayojiziba yakitobolewa na risasi. Kuna jambo moja ambalo kwangu linaeleza hali ya viwanda vya Japani kuliko takwimu nyingi: kiwanda cha Mitsubishi mjini Nagoya hakikuwa na uwanja wa ndege, hivyo mwaka 1939 Zero ya kwanza ilifunguliwa na kuvutwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, takriban kilomita 48, hadi uwanja wa Kagamigahara kwenda kujaribiwa. Ndege ya kisasa kuliko zote nchini ilikwenda kwa mwendo wa ng'ombe, na utaratibu huo uliendelea hata vita vilipopamba moto.

Kabla ya kupigana na Wamarekani, marubani hawa walipata uzoefu wao katika anga ya China kuanzia 1937, na hilo halipaswi kupitwa kimyakimya. Miji kama Chongqing ililipuliwa tena na tena, na raia waliouawa ni maelfu.

Kisha ikaja miezi sita ya ushindi. Tarehe 7 Desemba 1941 meli sita za kubeba ndege chini ya Admirali Nagumo Chuichi zilirusha ndege zipatazo 350 kwa mawimbi mawili dhidi ya Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani huko Hawaii. Japani ilipoteza ndege 29, na Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa. Siku tatu baadaye, ndege za wanamaji zilizoruka kutoka viwanja vya karibu na Saigon zilizizamisha manowari za Kiingereza Prince of Wales na Repulse karibu na Malaya. Aprili 1942 meli za Nagumo ziliingia Bahari ya Hindi, zikapiga Colombo na Trincomalee na kuizamisha Hermes, meli ya Kiingereza ya kubeba ndege. Waingereza wakarudisha sehemu kubwa ya meli zao hadi Kilindini, Mombasa. Huko pia walihamishia kituo cha kusikiliza na kufumbua mawasiliano ya siri ya wanamaji wa Japani, wakakiweka katika shule ya Allidina Visram inayotazama bahari.

Midway, tarehe 4 Juni 1942, Japani ilipoteza meli nne za kubeba ndege: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Mara nyingi husemwa kwamba hapo ndipo marubani wake bora walipoisha, lakini hesabu haikubaliani na usemi huo. Waruka angani waliokufa walikuwa takriban 110. Waliokufa zaidi walikuwa mafundi wa ndege, zaidi ya 700, walionaswa na moto chini ya sitaha, na fundi aliyezoea injini moja kwa miaka mingi hapatikani kwa mwezi. Marubani waliisha polepole baadaye, katika visiwa vya Solomon. Kutoka Rabaul, kituo kikuu cha Wajapani, hadi kisiwa cha Guadalcanal kilichogombewa ni karibu kilomita 1,000, na rubani aliyepigwa au kuishiwa mafuta njiani alikuwa na nafasi ndogo ya kuokolewa. Katika mapigano ya Santa Cruz, tarehe 26 Oktoba 1942, Japani ilipoteza waruka angani 148 kwa siku moja, zaidi ya wale wa Midway. Aprili 1943 hata Admirali Yamamoto Isoroku, kamanda mkuu wa meli za kivita za Japani, aliuawa akiwa ndani ya ndege juu ya kisiwa cha Bougainville, baada ya Wamarekani kufumbua ujumbe uliotaja ratiba ya safari yake.

Mwaka 1944 wanamaji walijaribu kuurekebisha mpangilio wao: ndege za melini zikawekwa katika vikosi vya namba kama 601, 652 na 653, visivyofungwa tena na meli moja, na kwenye vituo vya nchi kavu marubani wakatenganishwa na wahudumu wa uwanjani ili waweze kuhamishwa haraka. Mabadiliko hayo yalikuwa ya busara, ila yalichelewa. Mafuta ya mafunzo yalikuwa haba, na Juni 1944, katika Bahari ya Ufilipino, Admirali Ozawa Jisaburo aliondoka vitani akiwa na ndege 35 tu za melini zinazoweza kuruka. Oktoba mwaka huo Zuikaku, iliyokuwa ya mwisho kati ya zile sita za Pearl Harbor, ilitumiwa kama chambo na kuzamishwa.

Wakati huohuo, kwenye uwanja wa Mabalacat huko Ufilipino, Admirali Onishi Takijiro aliwapanga marubani wa kikosi cha 201 kujitupa na ndege zao juu ya meli za adui. Rubani aliyefunzwa kidogo hakuweza tena kulenga bomu na kurudi salama, kwa hiyo kurudi kukaondolewa katika hesabu. Maelfu ya vijana walikufa hivyo hadi Agosti 1945, wengine wakiwa wametolewa vyuo vikuu miezi michache tu kabla.

Hosho ilinusurika. Baada ya kusalimu amri, banda lake lisilokuwa na ndege hata moja liligeuzwa kuwa mahali pa kulala abiria, nayo ikafanya safari za kuwarudisha nyumbani askari na raia wa Kijapani waliotawanyika Pasifiki, kabla ya kuvunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu.